Umati Hauzai Bingwa

Imekuwa kama itikadi katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita kwamba kila klabu ya jogingi inayoundwa inatusogeza karibu na medali ya Olimpiki, na aghalabu mgeni rasmi, akiisha kukimbia hatua chache mbele ya wanachama waliovaa fulana za rangi moja, hushika kipaza sauti akawapongeza kwa kuijenga riadha ya taifa. Dhana hii ni tamu masikioni, walakini ni batili, na madhara yake huwafika wote wawili, mwenye kukimbia kwa siha na mwenye kukimbia kwa ushindi.

Watu wa Usukumani tuna udhuru wa kuteleza hapa. Katika ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu, zichezwazo baada ya mavuno, umati ndio hakimu, na kundi lililovuta watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Mbio huhukumiwa na saa, nayo saa haisikii vigelegele. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa muda wa 2:09:48, muda ule ule ulioandikwa kwa Mjerumani Amanal Petros, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Klabu isiyopima muda wa wakimbiaji wake, wala isiyojua urefu kamili wa njia yake, yadai kwa hoja gani kwamba imo katika safari ya ubingwa kama huo? Simbu ni askari, kama walivyokuwa wakimbiaji wenzake Filbert Bayi na Juma Ikangaa kabla yake, na jeshini mna mshahara, nidhamu na ratiba isiyoahirishwa kwa ajili ya harusi.

Watetezi wa umati humtaja John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeingia uwanjani katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu wake umefungwa bendeji, wakamfanya walii wa kushiriki. Huko ni kumdhulumu. Akhwari alikwenda Mexico kushindana, na mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni.

Sisemi jogingi ivunjwe. Mama muuza mboga anayekimbia kilomita tano alfajiri, au mchimbaji wa dhahabu anayetaka kifua chake kipate hewa safi, amekwisha kupata ujira wake kamili siku ile ile, na kumwambia kwamba fadhila ya jasho lake ni bingwa atakayetokea kesho ni kumvunjia heshima. Wala binti wa Kishapu aliyewaacha wenzake mbali katika UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, hafaidiki kwa kupangwa nyuma ya bango katikati ya watu wazima. Ahitaji mwalimu, viatu, chakula cha kutosha, na wapinzani wanaomzidi.

Basi insafu yataka hesabu mbili. Fedha za fulana ziandikwe katika afya, na fedha za riadha zionekane shuleni na katika uwanja wa Kambarage. Na mgeni rasmi atakayetangaza Jumamosi ijayo kwamba ameiona riadha ikikua, aulizwe hadharani: kijana yupi, wa shule ipi, na amekimbia kwa muda gani?