Raha Ndogo Ndogo za Ugenini

Hapa Leicester mwezi wa Juni jua huzama kama saa tatu na nusu, na Kiswahili chetu hakina huruma: saa tatu ni usiku, jua liwake lisiwake. Binti yangu mwenye miaka 9 haelewi kwa nini namwambia "saa mbili usiku hii, kalale" wakati watoto wa jirani bado wanacheza mpira nje na kweupe pee. Saa zetu zilipangwa na watu wa karibu na ikweta, ambao jua lao huchomoza na kuzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Lakini usiku huu wenye jua nimeuandika kwenye daftari langu, namba 31: kuanua nguo zilizokauka vizuri saa tatu usiku, jua likiwa bado limeegemea ukuta. Desemba, jua litakapozama saa tisa na dakika hamsini alasiri, nitaisoma tena hiyo namba 31.

Daftari lenyewe ndilo ninalotaka tulizungumze mwezi huu.

Sisi tulio ng'ambo tuna desturi ya kuiwekea furaha tarehe. Nikipata makaratasi. Nikimaliza deni. Nyumba ikishaezekwa. Watoto wakishamaliza chuo. Nikirudi. Nawajua watu waliojenga nyumba ya vyumba vinne nyumbani, na katika miaka 15 wamelala humo labda siku 20. Huku wanakoishi hawajanunua hata pazia. Dirishani wamebandika shuka kwa pini, na ukiuliza unaambiwa, "Aa, hapa mimi napita tu." Mtu anapita miaka 15! Siwacheki. Kujenga ni jambo jema, na mwenye wazazi wa kutunza hana nafasi ya kuchezea hela. Ninachosema ni kwamba pazia si anasa, na siku zinazopita nyuma ya lile shuka zinahesabika katika umri wa mtu kama siku nyingine zote.

Baba yangu alifariki Tanga mwaka juzi, mwezi wa pili. Makaratasi yangu yalikuwa ofisini yakishughulikiwa, na pasi imo humo humo, kwa hiyo maziko niliyasikiliza kwa simu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nimevaa yunifomu, zamu yangu haijaisha. Waliopitia hayo hawahitaji maelezo, na ambao hayajawafika Mungu awaepushie.

Siku ya tatu, kaka yangu aliyeko Maskati aliandika kwenye kundi letu la familia sentensi moja tu: "Baba na betri zake juani." Basi. Kila mtu aliyekulia nyumba ile aliona pale pale: betri nne za redio zimeanikwa juu ya ukingo wa ukuta, na Mzee anazigeuza kama mtu anayegeuza samaki, akisema zinarudishiwa uhai. Na kweli zilikuwa zinarudi, kwa nusu saa hivi, kiasi cha taarifa ya habari. Mdogo wangu akaandika: kuvua viatu akitoka bandarini na kukanyaga sakafu ya saruji yenye ubaridi. Mimi nikaandika: siku ya kwanza upepo wa kusi unapoanza kuvuma, anamkatiza mgeni maneno, "Hebu ngoja, usikie." Shangazi akaongeza kahawa chungu na kashata barazani baada ya alasiri, na gazeti la jana, kwa sababu la leo lilikuwa bado mikononi mwa jirani. Harufu ya mkeka mpya. Kunyoa ndevu mbele ya kioo kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Na ukoko.

Ukoko ulipata maandishi mengi kuliko vyote. Mama akipika wali wa nazi, Mzee alikuwa anajipitishapitisha jikoni tangu moshi wa makaa juu ya kifuniko haujatulia. Mama anasema ukoko ni haki ya mpishi. Mzee anasema ukoko ni haki ya mwenye sufuria, na sufuria kainunua yeye. Kesi hiyo ilisikilizwa kwa miaka 46 na haikutolewa hukumu.

Tuliandika mpaka arobaini ilipofika. Niliponakili yote daftarini yalikuwa 87, na niliporudia kuyasoma niliona kitu kilichonikalisha kitako. Hakuna aliyeandika ile nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Hakuna aliyeandika siku alipopandishwa cheo, wala mkono wa kwaheri alioagwa nao siku ya kustaafu. Si kwamba havikuwa na maana. Ila mtu tuliyempenda tulikuwa tumempata katika vitu ambavyo, ukiviweka vyote pamoja, havifiki bei ya godoro. Na vingi alikuwa anavitaja mwenyewe kwa mdomo. Tungejuaje kuwa anapenda upepo wa kusi kama asingetunyamazisha kuusikiliza?

Hapo nikaanza kujiuliza kuhusu wanangu. Wao wamezaliwa huku. Hawajui Mama yao anaona raha gani ya Leicester, maana raha zangu nilizozitaja nyumbani ni za Tanga: embe dodo, bahari, jirani anayeingia bila hodi. Binti yangu ndiye aliyeniuliza waziwazi, tena bila kuinua macho kwenye kazi yake ya shule: "Mama, cha hapa unapenda nini?" Nikamwambia anipe siku mbili.

Kazini kuna bibi mmoja ninayemhudumia ambaye rafu yake ina vitabu vya tangu ujana wake. Kimoja ni cha J.B. Priestley, mwandishi wa Bradford, kinaitwa Delight, cha mwaka 1949. Ndani mna sura fupi fupi 114, kila moja ikieleza jambo moja linalompendeza: chemchemi za maji kwenye bustani za mji, kusoma hadithi za upelelezi kitandani, na hata raha ya kutokwenda kwenye shughuli ulizoalikwa. Hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu. Nadhani kila mtu wa jumuiya zetu mwenye kadi tatu za harusi kwa Jumamosi moja ataielewa. Mwanzoni Priestley anaeleza kwamba yeye ni mnung'unikaji wa tangu zamani, na kitabu ni namna ya kuwaomba radhi walioishi naye. Tazameni na mwaka. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chakula bado kinagawiwa kwa kuponi. Peremende ziliachiwa Aprili 1949, watu wakazivamia madukani, na Agosti zikarudishwa kwenye mgao hadi 1953. Ni katika mwaka huo ndipo mtu alikaa kuhesabu yanayompendeza.

Na kabla yake wapo wengine. Yapata miaka 1000 iliyopita, katika kasri ya mfalme wa Japani, alikuwapo mwanamke aitwaye Sei Shōnagon, mhudumu wa malkia, aliyejaza kurasa kwa orodha za kila aina: yanayopendeza, yanayoudunda moyo, na yanayokera. Katika yanayokera amemtaja mbu anayekuja kuimba sikioni pale usingizi unapokaribia. Miaka elfu, na ni yule yule mbu wa Tanga! Nampenda kwa sababu hakujilazimisha kuandika mazuri tu. Orodha yenye sukari tupu haiaminiki.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waligawanywa makundi matatu na kuandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Kundi moja liliandika mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, la pili yaliyowaudhi, la tatu yaliyotokea tu. Wale wa shukrani walijikuta wanaridhika zaidi na maisha yao na kuitazamia wiki inayokuja kwa moyo mwepesi. Mwenzao Sonja Lyubomirsky wa California alikuja kuona kwamba walioandika mara moja kwa wiki walipata nafuu, ilhali walioandika mara tatu hawakuipata. Hilo nimelishika. Ukifanya kila siku kama dawa ya malaria inakuwa kazi nyingine ya nyumbani, na kazi tunazo za kutosha. Mimi naandika Jumapili usiku, vitu vitatu au vinne, na wiki nyingine kimoja.

Kuna jambo lazima niliseme kabla halijapinduliwa. Daftari hili si la kumfunga mtu mdomo. Dada anayefanya kazi za ndani huko Ghuba na hajalipwa miezi minne asiambiwe ashukuru kwa vitu vidogo. Anachohitaji ni mshahara wake, na mtu wa kumsaidia kuudai. Mwanafunzi ambaye wiki nzima hali, halali, wala hapokei simu za kwao, asipewe kalamu na daftari. Apelekwe kwa daktari, na mtu afuatane naye. "Shukuru tu" ni neno zuri likitoka ndani ya mtu mwenyewe. Likitoka kwa aliyeshiba kwenda kwa mwenye njaa, ni tusi.

Sasa nikupe nilichojifunza katika kuandika, kwa wenye kutaka kujaribu. Kwanza, ukiandika "familia yangu, afya yangu, kazi yangu" umejaza fomu, hujaandika kitu. Wiki ijayo utaandika yale yale na wiki ya tatu utaacha. Andika kilichotokea mahali fulani siku fulani. Pili, na hili ni letu sisi wa ughaibuni, kiwe cha hapo ulipo. Kumbukumbu za nyumbani zina daftari lake, na halitajaa kamwe. Hili ni la huku.

Mwanzo nilipata tabu, sikatai. Hayo mawili niliyoomba yakawa siku nne. Halafu yakaanza kujitokeza. Kutoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi na kukuta theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Dereva wa basi aliyeniona nakimbia, akangoja. Kupasha taulo kwenye hita kabla ya kuoga. Nazi iliyokunwa na kugandishwa, inayouzwa kwenye maduka ya Wahindi: huna haja ya mbuzi wala ya kujikata kidole. Kusikia mwanamke usiyemjua dukani anamwambia mwanawe "acha!" na kugeuka wote wawili, mimi na mtoto.

Na mogo. Nenda mitaa ya Belgrave Road, ingia mkahawa wowote wa Kigujarati, utaikuta kwenye orodha ya vyakula: muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu juu yake. Neno ni letu hilo hilo, limekatwa kichwa kidogo njiani. Walikuja nalo Wahindi wa Afrika Mashariki, wengi wao waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, kila familia na masanduku yake machache. Siku ya kwanza nilipoagiza nikasema "muhogo", mzee wa kaunta akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili cha zamani kabisa, "Mama, nyumbani wapi?" Hiyo ni namba 12.

Binti yangu naye alitaka kurasa zake. Nikampa za mwisho wa daftari, anaandika akirudi nyuma. Kiswahili chake kina matuta, lakini sisahihishi. Ameandika kiti cha mbele kabisa juu kwenye basi la ghorofa. Ameandika sauti ya king'ora cha moshi Mama anapotafuta ukoko, "na sisi tunapepea na taulo". Ameandika pia hili: "Bibi akipiga simu ya video, tunaona paji la uso na feni." Mimi kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikipiga kelele, Mama, shusha simu, Mama, hatukuoni! Sasa nimeacha. Paji la uso la Mama na ile feni nyuma yake inayozunguka polepole kwa sababu umeme ni mdogo: mwanangu anaijua Tanga kwa picha hiyo.

Kundi la familia bado linaandika, ingawa si kama mwanzo. Sasa kila mtu anaandika ya kwake. Kaka wa Maskati alituma moja wiki iliyopita: kurudi garini saa nane mchana, mwezi huu wa joto, ukakuta kivuli kimekuja chenyewe hadi pale ulipoegesha. Wifi akajibu kwamba huyo hajawahi kuegesha kivulini kwa makusudi maisha yake yote. Mdogo wangu akaweka picha ya paka amelala ndani ya kapu la vitunguu.

Mama haandiki. Hutuma sauti, na kwanza unasikia anauliza mjukuu kama imeshaanza kurekodi. Jumapili alituma ya sekunde 20. Alisema amepika wali wa nazi, makaa yalikuwa mazuri, na ukoko umetoka mzima, duara kama sahani, haujavunjika hata pembe. Kisha akasema, "Nimeula wote. Hakuna wa kugombana naye."