Binamu yangu hakufeli, wazee

Wiki iliyopita binamu yangu alipata jibu lake la KUCCPS. Alikuwa ameomba udaktari, akapewa sayansi ya mimea. Vile nyumba ilinyamaza ungedhani kuna matanga. Shangazi mmoja akamwambia, "Si mbaya, angalau umeingia chuo." Mjomba akauliza kama atakuwa analima na gauni la mahafali. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mimi pia nilinyamaza, na hiyo ndiyo inaniuma hadi leo. Kwa sababu sisi ni watu wa Bomet, na kama kuna familia haifai kuchekelea hiyo kozi, ni yetu.

Septemba 2011 ugonjwa usiojulikana ulionekana kwenye mahindi huko. Kwa gogo ulifika msimu uliofuata, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Shamba lilikuwa kijani safi, halafu majani yakaanza kuwa manjano, mahindi yakakauka kuanzia katikati. Ukimenya hindi unapata punje za kuhesabu na vidole. Gogo alinyunyiza kila dawa aliyouziwa. Pesa ikaenda, mahindi pia yakaenda. Jirani mmoja alisema ni laana, mwingine akasema mbegu ni feki.

Waliojua ni watu wa maabara. Watafiti wa KARI (siku hizi ni KALRO), akiwemo Anne Wangai, walipima majani na mwaka 2012 wakachapisha jibu: ni virusi viwili vinavyoingia mmea mmoja. Kirusi kimoja peke yake, mahindi hujikaza. Vikishikana, kwisha. Ugonjwa unaitwa MLN, na virusi hivyo hubebwa na wadudu wadogo. Kumbe hakuna dawa ya kunyunyiza inayoua virusi ndani ya mmea! Ndiyo maana wakulima waliambiwa waache mahindi kwanza, wapande viazi au maharagwe, ugonjwa ukose mahali pa kukaa.

Halafu 2013 kikafunguliwa kituo Naivasha ambapo mahindi huambukizwa MLN makusudi, waone ni aina gani itabaki imesimama. Yaani kuna mtu kazi yake ni kuua mahindi ndio wewe ule ugali. Hiyo kazi mimi naiona kali kuliko nyingi tunazopigia makofi.

Najua mtauliza pesa iko wapi. Sitawadanganya, kuna wenye digrii za kilimo wanatafuta kazi, na hata maabarani si kila siku ni ushindi. Angalia Florence Wambugu. Mamake aliuza ng'ombe wa pekee wa familia ndio yeye asome. Akachukua PhD Uingereza 1991, akaenda Marekani kwa Monsanto kutafuta viazi vitamu vinavyohimili virusi, miaka mitatu. Viazi vikaletwa Kenya, vikajaribiwa shambani, na 2004 ikaripotiwa kwamba havikuhimili virusi kuliko vya kawaida. Hebu fikiria hiyo habari ikisomwa na nchi nzima. Unaweza kumpinga kuhusu GMO, na wengi wanampinga, lakini huyo mama hakuacha kazi. Daktari akikosea dawa tunasema udaktari ni mgumu. Mtafiti wa mimea jaribio likikataa tunasema si tulikuambia.

Kwa hivyo wazazi, na nyinyi wasee wa darasa la binamu yangu mnaomtumia emoji za jembe, punguzeni.

Jana nilimpigia simu kumwomba msamaha. Alikuwa ameshasahau mambo ya mjomba. Alitaka tu kujua kama nakumbuka yale majani yalianza kugeuka rangi juu au chini. Mimi hata sikumbuki. Nikampa gogo simu, wakaongea hadi kredo yangu ikaisha.