Kipindupindu: Kwa nini majibu ya maabara huchelewa

KILA mara ugonjwa wa kuhara na kutapika unapolipuka katika miji ya Afrika Mashariki, swali la kwanza mitaani huwa moja: je, ni kipindupindu? Jibu rasmi huja baada ya siku mbili, tatu au zaidi, na katika muda huo uvumi huwa umekwisha tangulia. Wapo wanaodai kuwa ukweli unafichwa. Jina la ugonjwa huu hufunga migahawa na kutisha watalii, hivyo shaka hiyo si ya ajabu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ucheleweshaji hutokana na kimelea chenyewe.

Bakteria huyo, Vibrio cholerae, hathibitishwi kwa kutazamwa tu katika hadubini. Sampuli ya kinyesi huwekwa kwanza katika maji ya peptoni yenye alikali, ambamo yeye huzaliana upesi kuliko bakteria wengine wa tumboni. Baada ya saa chache huoteshwa juu ya lishe maalumu iitwayo TCBS, katika joto la nyuzi 37, kwa saa 18 hadi 24. Kwa kuwa huchachusha sukari, huacha madoa ya njano. Jamaa yake, Vibrio parahaemolyticus, anayepatikana katika vyakula vya baharini visivyoiva, huacha ya kijani.

Lakini si kila njano ni kipindupindu. Wapo vimelea wengine wa majini wenye rangi hiyo hiyo, ndiyo maana mtaalamu hulazimika kuotesha upya katika lishe ya kawaida, kisha kupima kwa seramu ili kujua kama ni kundi la O1 au O139. Hapo siku ya tatu imeingia, na hiyo ni kama sampuli haikukaukia njiani ikitoka wilayani.

Vipimo vya haraka hutoa jibu kwa dakika chache na husaidia kupiga mbiu mapema. Tatizo ni kwamba havionyeshi dawa gani bado inamuua bakteria na ipi imeshindwa. Hilo huhitaji bakteria hai, aliyeoteshwa. Kuacha maabara za mikoa bila lishe hizo, kwa kisingizio kuwa vipimo vya haraka vinatosha, ni kubana matumizi mahali pasipostahili.

Mgonjwa hangoji majibu. Maji yenye chumvi na sukari maalumu huanza papo hapo. Kinachongoja ni hatua za umma. Mlipuko ulioanzia Kinondoni, Dar es Salaam, Agosti 2015 ulienea mikoani na Zanzibar, na kufikia mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Tangu Oktoba 2022, uhaba wa chanjo duniani umelazimisha dozi moja itolewe badala ya mbili wakati wa milipuko, na nchi inayoomba chanjo kutoka akiba ya kimataifa hutakiwa kuambatanisha ushahidi wa maabara.