"Mtandao uko chini" si jibu, daftari la seva lisomwe

Hakuna maneno yanayomuudhi mfanyabiashara wa mpakani kama haya: "Mtandao uko chini." Utayasikia Rusumo, utayasikia Gatuna, utayasikia kwenye dirisha la benki na kwa wakala wa forodha. Ukishaambiwa hivyo mazungumzo yamekwisha. Dereva anazima lori, nyanya zinaanza kulainika, na gharama za kulala njiani zinakuwa zako. Ukithubutu kuuliza ni kitu gani hasa kimeharibika, kimeanza saa ngapi na nani anakishughulikia, utaonekana mkorofi.

Leo napenda kusema wazi kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba mara nyingi jibu la kweli lipo. Limekwisha kuandikwa, tena na mashine yenyewe.

Ndugu msomaji, programu kubwa za biashara, yaani zile za hesabu, za ghala na za malipo, kwa kawaida hazikai katika kompyuta iliyo mbele ya karani. Zinakaa katika kompyuta kuu iitwayo seva, na makarani wote huiuliza hiyo. Seva ina tabia moja nzuri ambayo binadamu wengi hatuna: huandika yanayoipata. Ikiwashwa, huandika. Umeme ukikatika ghafla, huandika itakapowaka tena kwamba ilizimika vibaya. Mtu akijaribu kuingia kwa neno la siri lisilo sahihi, nalo huandikwa. Daftari hilo la matukio limekuwamo katika mashine za Windows tangu Windows NT ya mwaka 1993, na mashine za Unix zilikuwa na daftari la namna hiyo hata kabla ya hapo. Halinunuliwi kando. Linakuja pamoja na mashine.

Kila tukio lina tarehe, saa, jina la programu iliyolalamika, namba yake na daraja lake: taarifa ya kawaida, onyo, au kosa. Katika seva ya Windows, namba 6008 maana yake mashine ilizimika bila kutarajiwa. Namba 7 kutoka kwa diski maana yake diski imepata sehemu mbovu. Namba 4625 ni mtu aliyejaribu kuingia akashindwa. Ukiziona mia mbili kwa usiku mmoja, ujue kuna mwizi mlangoni. Hata namba 1102 ina maana yake: daftari la usalama limefutwa, na jina la akaunti iliyofuta hubaki limeandikwa. Programu nyingi za biashara nazo huandika malalamiko yao humo humo, kwa mfano zinaposhindwa kuifikia hazina ya kumbukumbu za wateja.

Sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba hakuna anayesoma. Diski mara nyingi haifi bila kuaga. Inaweza kulalamika wiki tatu mfululizo, onyo baada ya onyo, kisha mwisho wa mwezi, siku ambayo kila mtu anataka kulipa na kulipwa, inakata roho. Hapo ndipo fundi anaitwa kwa haraka, na wewe uliye foleni unaambiwa mtandao uko chini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yalikuwapo wiki tatu, lakini hakuna aliyetazama juu.

Mtu asidhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 460 kwa muda wa kama dakika 45. Programu mpya ilikuwa imewekwa katika seva saba kati ya nane. Ya nane ikasahauliwa, ikaanza kutuma maagizo ya kununua na kuuza kama mwendawazimu. Linalonisikitisha ni hili: asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa hilo. Tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba barua hizo hazikuwa zimekusudiwa kuwa tahadhari na wafanyakazi hawakuwa na desturi ya kuzisoma. Kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 12, na mwaka huohuo ikaunganishwa na kampuni nyingine.

Knight Capital angalau ilijiumiza yenyewe. Yaliyotokea Uingereza yanatuhusu zaidi sisi wanyonge wa kaunta. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya huko ilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ikawa inaonyesha upungufu wa fedha katika posta ndogo za mitaani. Wasimamizi wa posta hizo, wengi wao watu wenye viduka vyao, walisema hawajaiba. Mashine ikasema wanadaiwa, na mashine ikaaminiwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wako waliofungwa na wako waliofilisika. Desemba 2019 jaji wa Mahakama Kuu ya London alitamka kwamba programu ilikuwa na kasoro zilizoweza kuharibu hesabu, na kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali katika hesabu za posta hizo bila mwenyewe kujua. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Kumbukumbu za ndani za programu hiyo zilikuwapo muda wote. Zilikuwa mikononi mwa wenye mashine, na mshitakiwa hakuwa na njia rahisi ya kuzifikia. Mwenye daftari alikuwa ndiye mshitaki, na huyo huyo ndiye aliyechagua ukurasa wa kuonyesha.

Turudi kwetu. Tangu mwaka 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha wa Afrika Mashariki, ushuru wa mzigo unaokuja Kigali hulipwa wakati mzigo ungali bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Ni utaratibu mzuri, umepunguza vituo na usumbufu. Lakini maana yake ni kwamba seva ikilala mahali pamoja, kontena hukwama zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Biashara yako imefungwa kwa kamba ya mashine usiyoiona.

Kuna na jambo la saa, ambalo watu wa mpakani tunalijua kuliko mafundi wa mjini. Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Dar es Salaam na Kampala kwa saa moja. Mama mmoja analipa kwa simu akiwa Ngara saa 10:40 jioni. Seva ya Kigali inaandika saa 9:40. Karani anatafuta malipo ya saa 10:40, hayaoni, na mama anaitwa mwongo. Windows huhifadhi tukio kwa saa ya dunia na kulionyesha kwa saa ya kompyuta ya anayesoma, kwa hiyo ukweli unaweza kupatikana, ila sharti saa za mashine ziwe sahihi na msomaji ajue anasoma saa ya wapi.

Najua nitajibiwa kwamba kazi hii ni ghali na inataka wataalamu. Sikubali. Kwa ofisi ya wakala mwenye seva moja, kusoma maonyo na makosa ya jana ni kazi ya dakika 15 kila asubuhi. Wapo vijana wetu, baadhi yao wamerudi nyumbani kutoka Tanzania, Uganda na kwingineko wakiwa na elimu ya kompyuta, wanatafuta kazi. Ghali ni lori lililosimama siku mbili.

Nitajibiwa pia kwamba daftari hilo lina siri za usalama. Hilo ni kweli, na sidai libandikwe ukutani. Ninachodai ni vitu vinne. Kwanza, kila ofisi na kampuni inayoshika fedha za wafanyabiashara iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kusoma daftari la seva kila siku na kuweka sahihi kwamba amesoma. Pili, nakala ihifadhiwe katika mashine nyingine. Katika Windows daftari la mfumo kwa kawaida lina nafasi ya megabaiti 20 tu, na likijaa matukio ya zamani hufutwa ili mapya yapate nafasi. Ukichelewa kulalamika miezi miwili, huenda ushahidi umekwenda. Tatu, mtandao ukikatika, mteja apewe karatasi inayosema ulikatika saa ngapi na ulirudi saa ngapi, ili asitozwe faini ya kuchelewa kusiko kwake. Nne, ukitokea ugomvi wa hesabu, ukurasa unaohusu muamala wake asomewe. Sheria namba 058/2021 ya Rwanda imekwisha kumpa mtu haki ya kuomba taarifa binafsi zinazomhusu. Roho hiyo hiyo ifike kwenye kaunta.

Nanyi ndugu zangu mliorudi na mtaji, mkafungua maduka na maghala na kununuliwa programu ya hesabu na mpwa au rafiki, msisubiri serikali. Siku ya kuifunga mashine mwambieni fundi awaonyeshe daftari la matukio liko wapi, na awafundishe kutofautisha onyo na kosa. Akisema hayo ni mambo yasiyowahusu, tafuteni fundi mwingine. Na mtakapokwama dirishani, andikeni kwenye kidaftari chenu tarehe, saa, na ni saa ya nchi gani. Daftari lako na daftari la seva yakilingana, hakuna karani atakayekushinda.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi mashine inatuandikia daftari bure, mchana na usiku. Tumekubali vipi mali iendelee kupotea kwa sababu tu hakuna aliyelifungua?