WARAKA KWA WANACHAMA: UMATI HAUPANDI KIZIMBANI

KWA: Waendeshaji wote wa bodaboda, wenyeviti na makatibu wa steji
KUTOKA: Katibu
KUH: KUSHIRIKI KATIKA MAUAJI YA KUNDI

Wanachama wenzangu,

Ukelele wa mwizi unapopigwa, mara nyingi sisi ndio tunaotangulia kufika. Tuna pikipiki, tuna simu, na tuna uchungu. Wapo kati yetu waliomzika mwenzao aliyeuawa na abiria wa usiku, na wapo wanaoendelea kulipia mkopo wa pikipiki iliyokwisha kuibwa. Uchungu huo siubezi hata kidogo. Lakini umetufikisha mahali ambapo mtu anafia mikononi mwetu, kisha kila mmoja anawasha pikipiki yake na kuondoka akijiambia kwamba aliyeua ni umati. Sheria ya Kenya haimtambui muuaji anayeitwa umati. Inawatambua watu, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu hakimhesabu mpigaji peke yake kuwa mtenda kosa. Kinamhesabu pia aliyesaidia, aliyechochea na aliyeshauri. Aliyetoa petroli kwenye tangi lake, aliyekwenda kuleta tairi, aliyempakia mwenye rungu huku akijua anakompeleka, na aliyepaza sauti kwamba mtu huyo achomwe, wote wanaweza kushtakiwa kwa kosa lile lile la mauaji, ambalo adhabu yake ya juu ni kifo. Kifungu cha 21 kinaongeza nia ya pamoja: watu wakishirikiana katika jambo haramu, na humo likatendeka kosa ambalo lingeweza kutarajiwa, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Ndiyo maana kusema "mimi nilimpiga kofi moja tu" huenda kusikuokoe.

Baadhi yenu mnadhani kwamba pasipo mpango hapana hatia. Ni kweli kwamba njama huhitaji makubaliano, nayo ni kosa linalojitegemea: kifungu cha 224 kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kula njama ya kuua, hata kama aliyekusudiwa yuko hai mpaka leo. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba fulani amalizwe, na wenzako wakaitikia, mmempa mwendesha mashtaka ushahidi kwa mikono yenu wenyewe. Ila nia ya pamoja haingoji kikao. Mwaka 1943, katika kesi ya Tabulayenka, iliyohusu watu waliomshambulia mtu aliyedaiwa kuwa mwizi, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema si lazima washambuliaji wawe wamekubaliana kabla. Nia yao inaweza kuonekana katika kuwapo kwao, katika matendo yao, na katika kutojitenga kwao na shambulio. Mwaka 1955, katika kesi ya Wanjiro, mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba nia ya pamoja inaweza kuzaliwa katikati ya tukio, ijapokuwa mwanzoni haikuwapo. Mtu aliyetoka nyumbani kutafuta abiria anaweza kuwa mshiriki wa mauaji kabla ya saa sita mchana.

Sheria hii hii inayombana kila mshiriki ndiyo inayompima kila mtu kwa tendo lake. Kumbukeni kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwendwa na dereva Joseph Muiruri. Mwendwa mwenyewe alikuwa mwendeshaji wa bodaboda kama sisi, na alikuwa amemlalamikia polisi aliyempiga risasi. Walioshtakiwa ni watano: polisi wanne na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wao. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilimwachilia polisi mmoja na kuwatia wanne hatiani. Februari 2023 mmoja alihukumiwa kifo, na wengine miaka 30, 24 na 20. Vifo vitatu, kesi moja, na kila mshtakiwa akatoka na lake.

Mitaani hatupimwi hivyo. Machi 2022, baada ya waendeshaji kumdhulumu dereva mwanamke kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, serikali ilianzisha msako, na nchi nzima ikatutazama kwa jicho moja: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Basi na tumpe haki hiyo hiyo yule tunayemshika. Naye ni mtu mmoja mwenye tendo lake, au asiye na tendo lolote.

Kwa hiyo nawasihi:

1. Ukimkamata mshukiwa, mkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, kama inavyoagiza Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kukamata unaruhusiwa, kuadhibu si kazi yako.

2. Kipigo kikianza, kipinge kwa sauti, jitenge waziwazi na upige simu polisi. Kumwacha mtu auawe bila kuchukua hatua zinazowezekana za kuzuia ni kosa pia.

3. Wasimamizi wa makundi ya simu, ondoeni mara moja wito wowote wa kumdhuru mtu, na mtoeni aliyeuandika.

4. Mkiulizwa na wapelelezi, semeni kweli. Kumficha muuaji kwa jina la udugu ni kujiongezea kosa.

Wenyeviti, usomeni waraka huu kwa sauti katika kila steji. Na hili liwe agano letu: mwanachama atakayesimama mbele ya wenzake na kusema "msimuue", asiitwe msaliti popote katika umoja huu. Tumtetee, kwa kuwa atakuwa ameokoa uhai wa mtu na uhuru wetu sote.

Wenu katika kazi,

Katibu