Ushuru haukuokoa ajira za viwanda vya viatu Ulaya

KIWANDA kinapofungwa, hasara huhesabiwa kwa idadi ya walioachishwa kazi. Katika miji iliyojengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja, hasara hiyo huingia hadi majumbani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni ya Bata, iliyoanzishwa Zlín mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, na inayofahamika Afrika Mashariki kwa kiwanda chake cha Limuru, Kenya. Katika miaka ya 1930 ilijenga makazi ya wafanyakazi kando ya viwanda vyake vya Moussey, Ufaransa, na East Tilbury, Uingereza. Kiwanda cha Moussey kilifungwa mwaka 2001, na cha East Tilbury mwaka 2005. Nyumba zilibaki, kazi zikatoweka.

Chanzo kikuu ni ujira. Kushona kiatu cha ngozi bado kunahitaji mikono mingi, na mikono hiyo ni nafuu zaidi Asia. Januari 2005 Umoja wa Ulaya uliondoa ukomo wa kuingiza viatu vya China. Oktoba 2006 ukarudi nyuma, ukaweka ushuru wa asilimia 16.5 kwa viatu vya ngozi vya China na asilimia 10 kwa vya Vietnam.

Italia, Hispania na Ureno, zenye viwanda vingi, ziliuunga mkono. Nchi za kaskazini, ambazo kampuni zake zilikwishahamishia utengenezaji Asia, ziliupinga. Ushuru huo ulikoma Machi 2011, lakini ulikuwa haujazuia kufungwa kwa viwanda: mwaka 2010 zaidi ya wafanyakazi 900 walipoteza kazi kiwanda cha Rohde kilipofungwa nchini Ureno.

Mitambo nayo haikurudisha ajira. Kampuni ya Adidas ilijenga kiwanda cha roboti Ansbach, Ujerumani, lakini mwaka 2019 ikatangaza kukifunga na kuipeleka teknolojia hiyo kwa watengenezaji wake wa Asia.

Ureno ilijifunza. Viwanda vyake vilivyosalia viliacha kushindania bei ya chini, vikategemea ubora, oda ndogo na kufikisha mzigo haraka. Ni njia iliyonusuru sekta. Hata hivyo, mshonaji aliyezeeka kwenye cherehani moja hakupata nafasi humo kwa sababu tu sekta imenusurika.