Mtoto anasoma vizuri, lakini ameelewa nini?



Katika gazeti letu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, kahawa, magonjwa ya migomba na bei ya soko. Safari hii nataka tuzungumze juu ya watoto wetu na namna wanavyofundishwa kusoma. Musiseme kwamba hiyo ni kazi ya walimu peke yao. Ni jambo la shamba pia.

Munajua vile iko kwetu: ndani ya nyumba nyingi, mtu wa kusoma karatasi ni mtoto. Baba ananunua dawa ya kupulizia nyanya, anaita mtoto wa mwaka wa sita: "Kuya utusomee hapa." Mtoto anasoma neno kwa neno, sauti nzuri, bila kukwama. Kiisha baba anauliza: "Sasa inasema nini?" Hapo mtoto ananyamaza, ama anabuni jibu. Tusimlaumu. Amefanya ile alifundishwa, ni kusema kugeuza herufi kuwa sauti. Hakufundishwa kuuliza karatasi swali na kutafuta jibu ndani yake. Na baba anapulizia vile mtoto alibuni.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika Kongo yetu, watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma maandiko mafupi na kuyaelewa. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zinapaswa kuwa za bure, na watoto wengi waliingia darasani. Hiyo ni kitu kizuri. Lakini kuingia darasani ni jambo moja, na kuelewa karatasi ni jambo lingine.

Juu ya nini iko vile? Watu wanasema vitabu vinakosa, madarasa yanajaa, walimu hawalipwi vizuri. Yote ni kweli. Ila kuna sababu ingine ambayo hatuizungumzii sana: aina ya maandiko tunayowapa watoto. Darasani mtoto anasoma hadithi, anakariri, anakopi kutoka ubao mpaka kwenye kaye. Maandiko ya kueleza mambo, yaani karatasi inayosema kitu fulani kiko namna gani, kinafanya kazi namna gani, kinatumiwa namna gani, hayaoni sana. Hata kule kwenye vitabu vingi shida hiyo ilionekana. Mwaka 2000, mtafiti wa Marekani Nell Duke alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika madarasa 20 ya mwaka wa kwanza karibu na Boston. Alikuta kwamba kwa siku moja watoto walikuwa wanapata, kwa wastani, dakika 3,6 tu za kushughulika na maandiko ya namna hiyo. Kama ni vile huko, sisi tushangae nini?

Hadithi unaianza mwanzo na kuimaliza mwisho. Etiketi ya dawa haisomwi vile. Unaiingilia pale unapohitaji. Unatafuta kwanza dozi, kiisha siku za kungojea, kiisha hatari. Kuna alama, kuna hesabu, kuna jedwali, na kuna maneno madogo yanayobeba uzito wote: "kabla", "isipokuwa", "kwa kila lita", "kwa hektari". Mtoto anayeruka neno "kwa hektari" na kufikiri ni "kwa pompi moja" amesoma maneno mengine yote vizuri, na bado ameharibu shamba zima.

Chukueni mstari ule wenye rangi ulio chini ya etiketi. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni hatari ya kadiri, bluu ni hatari ndogo, na kijani ni dawa ambayo kwa kawaida haileti hatari ya haraka ikitumiwa vizuri. Ni alama ambayo hata mtu asiyejua herufi anaweza kuisoma, lakini ni wangapi kati yetu walifundishwa? Kiisha tazameni siku za kungojea kabla ya kuvuna, zile ambazo Kifaransa kinaandika kwa herufi tatu, DAR. Kama DAR ni siku 14, nyanya iliyopuliziwa siku ya kwanza ya mwezi haiingii sokoni siku ya nane. Mtu anayeila nyanya hiyo anaweza kuwa mteja wa Bukavu ama Goma, anaweza pia kuwa mtoto yuleyule aliyesoma etiketi.

Lakini kuelewa hakuishii kwenye dozi. Kuelewa ni kujua sababu, na hapa mfano wa migomba unanisaidia. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulionekana kwetu upande wa Masisi mwaka 2001, na tangu wakati huo karatasi nyingi zimegawanywa vijijini. Karibu zote zinasema: ondoa ua dume, ile "moyo" inayoning'inia chini ya mkungu, mara tu chane ya mwisho imetoka. Tumia kijiti chenye panda, usitumie kisu. Mtoto anaweza kusoma sentensi hizo mbili na kuzikariri mpaka mwisho wa mwaka. Umuulize: juu ya nini kijiti na si kisu? Kama ameelewa, atasema wadudu wanabeba ugonjwa wakitembelea maua yale, ndiyo maana tunayaondoa. Tena kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kinapeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima, lakini kijiti kinazungusha ua mpaka linakatika bila chuma kupita mti kwa mti. Mtoto mwenye kujibu vile, hata karatasi ikipotea, atajua kufanya nini. Siku anapomwona mjomba wake anakata majani kwa panga lilelile kutoka shina moja mpaka lingine, yeye mwenyewe atasema: "Tupitishe kwanza kwenye moto, ama tusafishe na javeli." Karatasi haikumwambia juu ya mjomba. Yeye ndiye amevuka kutoka karatasi mpaka shamba. Kwangu mimi hiyo ndiyo kusoma.

Mfuko wa mbolea nao ni somo la hesabu lililotupwa kwenye kona ya depo. 17-17-17 kwenye mfuko wa kilo 50 maana yake azoti, fosfori na potasi, kila kimoja 17 kwa mia, ni kusema kilo 8,5 kila kimoja. Mfuko wa urea ulioandikwa 46 una kilo 23 za azoti, basi, hakuna fosfori, hakuna potasi. Mtoto wa mwaka wa tano anaweza kufanya hesabu hiyo. Kiisha anaweza kumuuliza baba yake swali ambalo wafanyabiashara wengine hawapendi kulisikia: tunalipa nini hasa?

Sasa lugha. Dawa na mbolea zinatufikia na etiketi ya Kifaransa, na zinazopita Uganda mara nyingi ziko na Kiingereza. Mtoto anaanza shule kwa Kiswahili, na nyumbani pengine anasema Mashi, Kihavu ama Kinande. Kwa hiyo mwalimu akimfanya asome Kifaransa kwa sauti na kumpa pointi kwa sababu ametamka vizuri, hajapima kitu. Ninaomba walimu wetu wafanye hivi: mtoto asome kwa Kifaransa, lakini aeleze kwa Kiswahili, ama kwa lugha ya mama. Pale maneno yanapogeuka kutoka lugha moja mpaka ingine ndipo tunaona kama kuna kitu kimeingia kichwani ama hapana. Wengine watasema tunashusha kiwango cha Kifaransa. Mimi naona kinyume: mtoto anayejua maana ya neno analishika kuliko yule aliyelikariri.

Koperative inaingilia wapi? Sisi tuko na kitu ambacho shule haina: karatasi. Tuko na etiketi, matangazo ya bei, kalenda ya kilimo, risiti za kupimia kahawa, karatasi za kupanda muhindi kwa sentimita 75 kwa 25. Shule iko na ubao na watoto, lakini mara nyingi kitabu kimoja kinasomwa na benchi nzima. Kila mwezi sekretere wetu anaweza kupeleka karatasi moja tu shuleni. Mwalimu anaikopi kwenye ubao. Kabla ya kusoma, watoto wanasema wanachotaka kujua. Wakisoma, kila jibu wanaliwekea kidole: "Onyesha pale ulipolipata." Mtoto asiyeweza kuonyesha amebuni. Mwisho wanafanya ile karatasi inasema. Kama inasema sentimita 75 kwa 25, watoke na kamba na vijiti nyuma ya darasa, wapime. Kama inasema mililita 20 kwa lita 15, wapime kwa maji ya kawaida ndani ya bidoni. Makosa yatajionyesha pale pale bila mwalimu kupaza sauti.

Jambo moja nalisema kwa ukali: tunapeleka karatasi ama kopi ya etiketi, HATUPELEKI CHUPA. Hata chupa tupu iliyosafishwa inabaki na sumu, na nafasi ya mtoto si nyuma ya pompi. Tunamfundisha kusoma ili hatari ipungue nyumbani, si ili tupate mfanyakazi wa bure.

Najua walimu watasema programu imejaa na inspekta anakuja. Hatuombi saa mpya. Saa ya kusoma ipo, saa ya hesabu ipo; tunabadilisha tu kile kinachosomwa, siku moja kwa juma. Na hadithi zibaki, watoto wanazipenda na zina kazi yake. Wazazi wengine nao watasema: "Nampeleka mtoto shule ili aachane na jembe, si ili asome tena mambo ya jembe." Naelewa. Ila muangalie: yule atakayekuwa muuguzi atasoma karatasi ya dawa, dereva atasoma karatasi ya gari, fundi wa simu atasoma maelezo ya simu. Njia ya kusoma ni ileile.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wakubwa. Katika mikutano mikuu yetu, ripoti ya pesa inasomwa haraka, watu wanapiga makofi, tunaenda kunywa. Tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, koperative zinafuata sheria yake ya mwaka 2010, na mwanamemba ana haki ya kujua hali ya chama chake. Lakini haki hiyo inakaa ndani ya karatasi. Mtu asiyeweza kutofautisha safu ya mapato na safu ya matumizi, haki yake inabaki kwa yule mwenye kusoma. Watoto hawa ndio wanamemba wa kesho. Nisingependa nao waje tu kupiga makofi.

Shule inafunguliwa Septemba, wakati uleule tunapoanza msimu A. Ninaomba kila komite ikutane na direkta wa shule ya karibu pamoja na komite ya wazazi kabla ya tarehe hiyo, na wachague karatasi ya mwezi wa kwanza. Mimi ningeanza na ile ya ua dume la mgomba, sababu migomba iko karibu na kila shule na haihitaji kununua kitu. Ya pili iwe risiti ya kupimia mavuno, bila jina la mtu. Muwaulize watoto: kilo ni ngapi, bei ya kilo ni ngapi, walikata deni gani, na je, jumla iko sawa?